Mwalimu Aliyeuliza Mara ya Pili

Mniwie radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu hutambaa upande upande kama kaa, na herufi nyingine huziacha njiani nikarudi baadaye kuzitia. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, maana shule yetu hapa Changamwe haikuwa na darasa la tano, na tangu nitoke shuleni kalamu naishika Jumapili baada ya kanisa, vyombo vikiisha kuoshwa. Ukurasa mmoja hunimalizia mchana. Lakini mtu ninayetaka kumwandika sijaona aliyemwandika, na mimi kusema mbele za watu siwezi, mdomo hukauka. Basi nitaandika, nanyi mtanivumilia.

Sisi tulimwita Mwalimu. Walimu wengine walikuwapo, na hao waliitwa kwa majina yao. Ukisema Mwalimu peke yake, toka stesheni ya reli mpaka kule njia inakoteremka kwenda Jomvu Kuu, kila mtu alijua ni yeye. Jina lake sitalitia humu. Hapendi kutajwa, na akijua nimemtaja ataniuliza maswali mpaka nijute.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingo yake ilitangulia mbele kidogo, kama mtu anayetega sikio. Alivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, soksi ndefu, na viatu vyeusi. Viatu vile! Njia yetu ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, lakini yeye aliingia darasani viatu viking'aa, kwa sababu alivibeba mkononi njia nzima akavivalia nyuma ya ukuta wa shule. Sote tulikwisha kumchungulia, na sote tulinyamaza. Alikuwa na baiskeli aliyokuwa akiigombeza hadharani kila mnyororo ulipotoka. "Leo tena? Leo tena wanifanyia hivi, mbele za watu?"

Mtoto, hata hivyo, hakumgombeza kamwe. Walimu wengine ukikosea walikwambia umekosea, na fimbo haikuwa mbali. Mwalimu hakusema umekosea. Alikuuliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile. "Mto gani waingia baharini karibu na Malindi?" Ukisema Tana, hufokewi. Yeye hurudia: "Mto gani waingia baharini karibu na Malindi?" Hapo wajua umekosea. Watafuta jibu jingine, na ukilipata waketi umesitirika, kama kwamba hukukosea.

Ndivyo mama zetu walivyotulea pia. Mama hakwambii u mwongo. Hukuuliza umefagia, nawe husema nimefagia. Na kama ameona taka, hukuuliza tena umefagia, nawe huchukua ufagio bila neno. Kwetu sisi mkubwa akiuliza mara ya pili, amekwisha kujibu. Mtoto mwenye adabu hashindani naye. Hubadilisha.

Siku moja Mwalimu aliniuliza saba mara nane. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mahali pangu pa siku zote. Nikasema hamsini na sita. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, kuta zikitetemeka, naye akaweka mkono sikioni akauliza tena, "Saba mara nane?" Nikasema hamsini na nne. Akanitazama, kisha akamgeukia mwingine. Nilikwenda nyumbani na aibu yangu, wala sikujua kosa langu lilikuwa lipi katika majibu yale mawili.

Kwa wakubwa alikuwa na swali jingine. Ukimletea habari yoyote, ya mchawi au ya bei ya sukari, alikuuliza, "Umeona au umesikia?"

Wakati wa vita Kilindini ilijaa manowari, na habari zilikuwa nyingi kuliko chakula. Baba yangu, ambaye hufanya kazi ya reli, alimjia siku moja mbio.

"Mwalimu! Manowari ya adui, ile ya kupiga mbizi, imeinuka Likoni mchana kweupe!"

"Umeiona au umesikia?"

"Nimesikia kwa fundi mwenzangu."

"Na yeye ameiona?"

"Ana shemeji yake Timbwani, huko huko Likoni."

"Basi ngoja niende kwa shemeji."

Baba alidhani ni mzaha. Mwalimu alipanda baiskeli, akapita Makupa, akavuka feri, akafika Timbwani, akarudi jua limeinama, vumbi limemfika kwenye nyusi. "Ni boya," akasema. "Limekatika mnyororo likasukumwa pwani. Watoto wamelipanda, wanajirusha majini."

Watu walimkasirikia yeye badala ya kulikasirikia boya. Mama alimwambia, "Mwalimu, tulikuwa na hadithi nzuri, nawe umetuletea boya." Mwalimu akacheka mpaka akashika mgongo wa kiti.

Msidhani alikuwa hana ila. Mtu huyu aliyemuuliza kila mtu alikuwa hataki kuulizwa yeye. Ukimuuliza umri wake, au kwa nini hajaoa, alitoa saa mfukoni akaitazama na kusema amechelewa. Tena yeye aliyetaka uhakika wa kila jambo hakula pweza maisha yake yote, akisema ni kitu kibaya. Mama alimpakulia siku moja akakataa. Mama akamwambia, "Ubaya wake umeuona au umeusikia?" Mwalimu akavuta sahani ya mchicha. "Hilo ni jambo jingine, mama."

Vita vilipokwisha alipata nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu ng'ambo. Elimu yenyewe inaitwa saikolojia. Siku ya kuagana shuleni alikuwapo Bibi wa Korosho, ambaye lazima niwajulishe kwake. Ni mwanamke mzee wa Jomvu Kuu, macho yake yana utando, na kila siku hufuata njia ya miguu mpaka shuleni kwetu na kapu lake la korosho za kukaanga. Sisi ni Wakristo wengi hapa, yeye ni Mwislamu, na hakuna mtoto wa kwetu ambaye hajawahi kutumwa naye au kutukanwa naye.

"Hiyo elimu uendayo ni ya nini, mwanangu?" akamuuliza.

"Ni ya kujua watu hufikirije, Bibi."

"Si hiyo ya waganga?"

"Mganga hukujibu hujamaliza kusema. Sisi twafundishwa kuuliza."

"Uvuke bahari ukafundishwe kuuliza! Wallahi, mjukuu wangu ana miaka mitatu, haachi kuuliza kutwa kucha, na chuo hajakiona."

Alikaa huko miaka miwili. Kisha chuo kikampa miezi michache aje kwetu, afanye utafiti wake, na arudi kwa meli aliyopangiwa, auandike na wamtahini. Asipofika kwa wakati, huenda shahada asiipate. Hayo tulijua wote, maana alitueleza wazi.

Jioni jioni alikaa barazani pa shule, nasi wakubwa kidogo tulimzunguka atusimulie. Alisema huko wanafunzi huanza kwa kuchunguzana wenyewe. Alitiwa katika chumba chenye giza akaambiwa abonyeze kitufe kila aonapo mwanga, na mwenzake alipima alivyochelewa. Siku nyingine walionyeshwa doa la wino kwenye karatasi, kila mtu aseme aonacho. Mmoja aliona popo, mmoja akaona mifupa ya nyonga. "Mimi niliona Likoni huku na Kisauni huku, na kisiwa katikati," akasema. "Mwalimu wangu aliandika jambo, sijui nini. Nadhani aliandika kwamba huyu anataka kwenda kwao."

Nilitaka kuuliza kama kazi ile ilikuwa ngumu. Sikuthubutu. Mwenzangu mmoja akauliza.

"Si ngumu kwa kichwa," akasema, "ni ngumu kwa moyo. Ukishalipenda jibu moja, utaliona hata pale ambapo halipo. Basi wametufundisha namna za kujizuia. Hatuchagui sisi nani awe upande huu na nani upande ule, twapiga kura. Twaandika tulichoona kabla ya kuandika tulichofikiri. Na jibu likija usilolitaka, uliandike vile vile."

Haya alituonyesha kwa vitendo. Kulikuwa na ubishi wa siku nyingi shuleni kama jedwali la kuzidisha hushikwa upesi kwa kuimba au kwa kusoma kimya. Yeye hakupenda kelele, na alikuwa na hakika ya kimya. Akagawa darasa kwa kura, kila mtoto akachota kokoto kutoka mfukoni, nyeusi au nyeupe. Nyeusi wakaimba wiki nzima, nyeupe wakasoma midomo imefungwa. Mwisho wa wiki waimbaji waliwapita wenzao mbali. Mwalimu alitazama majibu, akayatazama tena, akasema, "Basi." Tangu siku ile shule nzima iliimba, naye alitembea katikati ya safu na pamba masikioni. Nilipomwona hivyo nilijisikia nimepanda kimo. Sikuwa nimeona mtu mkubwa akishindwa mbele ya watoto na kulitii jambo lililomshinda.

Utafiti wake wenyewe ulikuwa wa korosho. Alizinunua kwa Bibi, akapanga safu mbili mkekani, sawa kwa sawa, korosho ikielekeana na korosho. Akamwita mtoto wa miaka saba au minane. "Safu hizi, moja ni nyingi kuliko nyingine, au ni sawa?" Mtoto husema ni sawa. Kisha Mwalimu alinyoosha safu moja, akaziachanisha korosho mpaka safu ikawa ndefu, na hakuongeza hata moja. Akauliza tena vile vile, "Moja ni nyingi kuliko nyingine, au ni sawa?" Huko ng'ambo, alisema, watoto wa umri ule karibu wote hujua kwamba bado ni sawa. Yeye alitaka kuonyesha kwamba na wetu hujua.

Utani ulimwagika. Watu wakamwita Daktari wa Korosho. "Mwalimu, hesabu ya korosho imefika mpaka ngapi huko Ulaya?" Naye alicheka pamoja nao.

Kicheko kilimwisha alipoanza kupata majibu. Watoto wetu, mmoja baada ya mwingine, walisema ni sawa mara ya kwanza, na mara ya pili walisema ile ndefu ni nyingi. Kazungu, mdogo wangu, ambaye hujua hesabu ya kokoto zote za mwenzake katika bao bila kuzishika, naye alisema ile ndefu ni nyingi.

Nawe msomaji usione ni mchezo. Wazazi walikuwa wameomba darasa la tano tangu mimi nikiwa la pili. Bwana mmoja wa ofisi ya elimu, aliposikia utafiti huu, alimwambia Mwalimu kwamba ni vizuri, sasa tutajua watoto hao wana akili kiasi gani kabla ya kuwajengea. Kwa hiyo kila mtoto aliyeonyesha safu ndefu alikuwa anaufunga mlango kwa kidole chake, na Mwalimu ndiye aliyepaswa kuandika kwamba umefungwa. Na alikuwa amejifunza kwamba jibu usilolitaka, uliandike vile vile.

Aliliandika. Alikonda. Karani wa stesheni, mtu wa bara na rafiki yake mkubwa, alimwambia Baba, "Huyu ndugu yetu hali tena. Nimempelekea maziwa ameyaangalia tu."

Jumapili moja Mama alimwalika chakula cha mchana. Alikuja na viatu vyake vinavyong'aa akakaa ukumbini na Baba. Mimi nilikuwa nikikuna nazi, Mama jikoni akikaanga samaki, mafuta yakilia. Kazungu akaingia kutoka uani, mikono imelowa, maji yanamdondoka viwikoni.

"Kazungu, umenawa?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Nimenawa, Mama."

Mafuta yakaruka, Mama akapiga ukelele, akasogeza karai. Hakulisikia jibu. "Kazungu! Umenawa?"

Kazungu akageuka akatoka uani, akanawa tena.

Mwalimu alikuwa anaona yote kupitia mlangoni. Alisimama. Nilidhani ameumwa na kitu. Akaenda uani mpaka kwenye pipa la maji, akachuchumaa mbele ya Kazungu, kaptura ile nyeupe ikagusa tope.

"Mwanangu, si ulikuwa umenawa?"

"Nilikuwa nimenawa."

"Mikono ilikuwa michafu bado?"

"Haikuwa."

"Basi mbona umenawa tena?"

Kazungu alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Si Mama kauliza tena."

Mwalimu akakaa chini. Kwenye tope, na kaptura yake. Kisha akasema polepole, "Na zile korosho. Nilipokuuliza mara ya kwanza, ulisema ni sawa."

"Ni sawa."

"Na nilipozinyoosha?"

"Ni sawa. Lakini uliuliza tena."

Mama alikuwa amefika mlangoni na kijiko mkononi. "Mwalimu, mtoto amekufanya nini?"

Mwalimu aligeuka akanitafuta kwa macho, mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya mbuzi ya nazi. "Wewe! Siku ya treni! Hamsini na sita!" Nikatikisa kichwa kukubali. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyewafundisha," akasema. "Miaka yote hii nimewauliza mara ya pili ili nisiwaaibishe, nao wameshika. Wameshika vizuri mno." Na sijui kama alikuwa analia au anacheka, lakini alikula. Siku ile alikula samaki wawili.

Karani alipopata habari alifurahi, kisha akafikiri, kisha akaacha kufurahi. Walizungumza kwetu, Baba akiwapo.

"Ndugu yangu, meli yako ni karibu," karani akasema. "Kuanza upya hutawahi. Peleka kile ulichonacho upate shahada, halafu ukirudi utasahihisha."

"Nikipeleka nilichonacho, kitasomwa ofisi ya elimu kesho yake. Nani atangoja nirudi nisahihishe?"

"Basi usipeleke. Sema umeugua."

"Sijaugua."

"Utakosa shahada, we bwana! Miaka miwili kwenye baridi ile, kwa ajili ya nini?"

Mwalimu akatoa saa akaitazama, kama alivyofanya siku zote akiulizwa jambo lake mwenyewe. Safari hii akairudisha mfukoni akajibu. "Nimefundishwa namna ya kuuliza. Nimeuliza vibaya. Nikiondoka hivi, sikufundishwa kitu."

Akaanza upya. Alisema akiuliza yeye ni mtihani, maana mtoto anajua kwamba Mwalimu anajua. Anayefaa kuuliza ni mtu asiyejua kweli. Akamwendea Bibi wa Korosho.

"Nikae nifanye nini?" Bibi akauliza.

"Ukae na korosho zako, Bibi, mjukuu wako achezee safu moja, nawe umuulize mtoto unachotaka kujua."

"Nachotaka kujua ni kama nimeibiwa!"

"Ndicho hicho hicho."

Basi mtoto akiitwa alimkuta Bibi mkekani na safu zake mbili. Huyo mjukuu, ambaye hakuhitaji kufundishwa utundu, hupitisha mkono akaitawanya safu moja. Bibi hupiga kelele. "Yu wapi huyu? Keshanivurugia! Hebu n'tizamia, mwanangu, macho yangu hayaoni. Hizi zangali sawa na zile, au kazipunguza?"

Kazungu hakutiwa miongoni mwa watakaoulizwa, maana alikwisha kujua siri, lakini alijipenyeza siku moja akajibu pia. "Ni sawa, Bibi, amezitawanya tu."

"Hakula hata moja?"

"Hakula."

"Sema wallahi!"

"Wallahi, Bibi!" akasema Kazungu, mtoto wa mzee wa kanisa, na Mama aliyekuwa akipita akamvuta sikio.

Mwalimu alikuwa amekaa kando, na hapo niliona uso wake ukifunguka. Bibi alikuwa anawauliza mara ya pili na ya tatu, kwa ukali, na wala hapakuwa na aliyebadilisha. Walijua kwamba haoni. Alikuwa na haja na jibu lao, nao wakampa la kweli.

Kwa kuwa sisi tulikuwa wanafunzi wake, hakuridhika na sisi. Alimchukua Bibi na mjukuu mpaka Kisauni, kwa watoto wasiomjua, akapiga kura huko pia, nusu waulizwe na yeye, nusu na Bibi. Bibi alirudi akijigamba njia nzima ya Jomvu Kuu kwamba sasa yeye ndiye mkaguzi wa shule. Majibu ya Kisauni yalikuwa kama ya kwetu. Walioulizwa na Mwalimu walibadilisha, walioulizwa na Bibi walisimama.

Meli iliondoka tukiwa katika kazi hiyo. Nilikuwa nimeleta maji ya kunywa barazani. Honi ilisikika kutoka Kilindini, ndefu, na karani aliyekuwa amesimama pale akavua kofia kama msibani. Mwalimu alitoa saa, akaitazama, akairudisha. Akamwambia mtoto aliyekuwa mlangoni, "Njoo, baba. Usiogope, ni Bibi tu."

Aliandika yote mawili, ya kwanza na ya pili. Karani alimwambia, "Si ungeandika hii nzuri tu?" Mwalimu akamjibu kwamba ile mbaya ndiyo itakayomfaa mwingine atakayekuja kuuliza watoto wa watu. Alimsomea Baba mstari mmoja kwa Kiswahili: kosa la kwanza lilikuwa la muulizaji, na muulizaji nilikuwa mimi. Nakala akaiacha ofisini, mkononi mwa yule bwana wa elimu, akamngoja aisome yote mbele yake. Kisha akaondoka kwa meli nyingine, amechelewa, na hakuna aliyejua kama chuo kitampokea.

Zaidi ya mwaka ulipita. Mimi nilikuwa nyumbani, nafua, napika, na Jumapili naandika.

Mwezi uliopita nilitumwa shuleni asubuhi kumpelekea Kazungu chakula alichokisahau. Nikapita nyuma ya ukuta. Alikuwapo pale mtu mrefu, mwembamba, mguu mmoja una kiatu na mwingine uchi, anajifuta vumbi kwa leso. Tulishtuka sote wawili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akakificha kiatu nyuma yake. "Wewe hukuona kitu."

Sijui ulimi wangu ulifunguliwa na nini. Nikasema, "Sikuona, Mwalimu. Nimesikia tu."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na kwa kuwa alicheka, nami nilikuwa nimekwisha kusema neno moja, nikasema la pili. Lilikuwa swali langu la kwanza kumuuliza tangu nimjue. "Walikupa?"

Mkono ulikwenda kwenye saa. Ukarudi. "Wamenipa. Walibishana kwanza juu ya kuchelewa kwangu. Si shahada ya juu. Lakini walipomaliza kunihoji, mzee wao mmoja aliniita kando akaniuliza kama yule bibi bado yuko hai, na kama anaweza kuwaandikia."

"Bibi hajui kuandika."

"Nilimwambia kwamba atajua kuwatukana, akiandikiwa."

Akavaa kiatu cha pili. Tulikuwa tunatazama upande mmoja, mahali ambapo kuta mpya zimefika kiunoni, mawe ya matumbawe na udongo bado mbichi. Baba anasema ni kwa sababu ya Mwalimu. Karani anasema ni kwa sababu ya wazazi kuchosha ofisi. Mimi sijui. Nilichoona ni kuta. Ni darasa la tano.

"Watahitaji mtu," akasema Mwalimu. "Mwalimu wa wadogo atapanda kufundisha huku juu, na wale wa darasa la kwanza watabaki bila mtu wa kuwashika. Ungependa kuwafundisha?"

Mimi, ambaye nikiitikia abee hata Mama hanisikii! Lakini nilisema, "Ningependa."

Treni ilikuwa inaingia stesheni, na ukuta ulianza kutetemeka mgongoni kwetu. Mwalimu akatanguliza shingo, akaweka mkono sikioni. Sikujua kama kweli hakusikia. "Ungependa?" akauliza.

Nilihisi jibu jingine linapanda kooni, lile la kubadilisha, nililolelewa nalo. Nikalimeza.

"Ningependa," nikasema, kwa sauti ambayo Kazungu aliisikia darasani akatoa kichwa dirishani.

Mwalimu alinitazama kama alivyomtazama Kazungu kwenye pipa, akatangulia, nami nikamfuata kwa mlango wa mbele, wanakoingilia walimu.

Hayo ndiyo niliyoweza kuyaandika, na Jumapili zilizokwenda humu ni nyingi. Nanyi mliosoma mpaka hapa, naomba mniandikie kupitia kwa mhariri, hata mstari mmoja. Niambieni huko kwenu mkubwa akimuuliza mtoto mara ya pili, mtoto hufanya nini. Mwalimu angali anakusanya majibu, nami nimemwahidi. Msione haya kwa mwandiko mbaya, hamtauzidi wangu. Na kama mtataka kujua kama haya yote ni kweli, niulizeni, nitawajibu. Mkiniuliza tena, nitawajibu vile vile.